Kutoa kwa mpango: namna ya kutoa kukufae wewe, kumfae mpokeaji, kuifae jamii

Mwaka 2008 watafiti watatu, Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton, walichapisha jaribio dogo katika jarida la Science. Asubuhi waliwagawia watu bahasha, nyingine zina dola 5, nyingine dola 20, kwa sharti kwamba pesa ziishe kabla ya saa kumi na moja jioni. Baadhi waliambiwa wazitumie kwa mambo yao, wengine wamnunulie mtu zawadi au wazitoe sadaka. Jioni walipoulizwa hali zao, waliotumia kwa ajili ya wengine walikuwa na furaha zaidi. Kiasi hakikuwa na uzito: wa dola 5 hakupitwa na wa dola 20.

Walioshiriki walikuwa 46 tu, idadi ndogo. Lakini mwaka 2020 wazo hilohilo lilipimwa upya kwa utaratibu mkali zaidi na watu zaidi ya 700, na faida ikaonekana tena. Kabla ya hapo, uchambuzi uliotolewa mwaka 2013 uliangalia nchi 136, tajiri na maskini, na katika nchi 120 waliokuwa wametoa mchango mwezi uliotangulia walikuwa wameridhika zaidi na maisha, hata kipato kilipozingatiwa.

Kwa hiyo faida ipo. Ila ni ya kiasi, na haiji kila unapofungua mkono. Wapo watu wanaotoa kila wiki na kila wiki wanabaki na kinyongo. Tofauti iko katika namna ya kutoa, na namna hiyo hupangwa.

Mambo matatu yanayoleta faida kwa mtoaji

La kwanza ni hiari. Netta Weinstein na Richard Ryan walionyesha mwaka 2010 kwamba anayesaidia kwa kutaka mwenyewe huinuka moyo, na anayesaidiwa naye hufurahi zaidi. Msaada wa kushurutishwa hauleti faida hiyo. Mwaka 2007 wachumi na wataalamu wa ubongo walipima watu pesa zao zilipokuwa zinakwenda kwa wenye njaa. Sehemu za ubongo zinazohusika na raha ziliamka hata pesa zilipokatwa kama kodi, lakini ziliamka zaidi mtu alipochagua mwenyewe kutoa. Ukitaka jambo hili lidumu, basi, jiondoe katika mazingira ya kubanwa. Usiamue kiasi ukiwa umesimama mbele ya watu. Sema, "Nitakupa jibu kesho asubuhi," kisha kesho utimize.

La pili ni ukaribu. Ile ile zawadi hufurahisha zaidi ukiitoa na ukakaa na mtu, kuliko ukiituma bila kuonana naye. Si lazima kila mchango uwe wa ana kwa ana, lakini angalau sehemu ya utoaji wako ikukutanishe na watu.

La tatu, na ndilo husahaulika kuliko yote, ni kuona matokeo. Katika jaribio moja, baadhi ya watu waliombwa kuchangia shirika kubwa lenye kazi nyingi, wengine wakaombwa kuchangia kampeni iliyotamka wazi kwamba kila dola 10 ni chandarua kimoja. Kutoa zaidi kuliongeza furaha kwa wale wa chandarua, kwa sababu waliona pesa zao zimegeuka kitu gani. Shirika lile kubwa linaweza kuwa linafanya kazi njema kabisa, ila mtoaji hakuonyeshwa chochote cha kushika. Hivyo kila unapotoa, jiulize: nitajuaje kwamba kilifanya kazi? Kama huna jibu, uliza kabla pesa hazijatoka.

Kutenga kiasi

Anza na madeni yenye riba, kodi ya nyumba na akiba ya dharura. Anayetoa kwa kukopa anahamisha tu shida, kutoka nyumba moja kwenda nyingine, na mara nyingi anarudi kuwa mwombaji. Akiba ya matumizi ya mwezi mmoja ni kianzio cha haki. Huna hiyo bado? Toa muda, ujuzi au damu wakati unaijenga, na toa pesa kidogo sana, kwa ajili ya kuzoea.

Kisha chagua asilimia ya kipato badala ya kiasi kisichobadilika. Dini zimefanya hivyo tangu zamani: zaka ya Kiislamu ni asilimia 2.5 ya mali iliyofikia nisabu (kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka) na kukaa mwaka mzima wa mwandamo, na fungu la kumi la Wakristo ni asilimia 10. Kama hufuati kiwango cha dini, tazama mwezi wako mbaya kuliko yote katika mwaka uliopita na uchague asilimia ambayo hata mwezi ule ungeimudu. Kwa wengi hiyo ni asilimia 1 au 2. Usione haya. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na yule wa dola 5 katika jaribio la mwanzo anawaunga mkono.

Asilimia hiyo ipandishe taratibu, na ahadi ya kuipandisha iweke leo. Mchumi Anna Breman alichapisha mwaka 2011 majaribio yaliyofanyika Sweden, ambako watu wanaochangia kila mwezi waliombwa waongeze mchango. Walioombwa waongeze baadaye waliongeza kwa asilimia 32 zaidi kuliko walioombwa waongeze papo hapo. Andika tarehe: "Mwezi wa saba napanda kutoka asilimia 2 hadi 2.5." Tarehe ikifika, badilisha agizo la kudumu benki au kumbusho la simu. Pesa ya kutoa iondoke siku ileile kipato kinapoingia. Ukisubiri kibaki nini mwisho wa mwezi, hakuna kitakachobaki.

Gawa fungu hilo sehemu tatu. Tuseme katika kila 100 unayopata, 5 ni ya kutoa. Weka 3 kwa kazi moja au mbili ulizozichunguza na kuzichagua kwa mwaka mzima. Weka 1 kwa watu unaowafahamu: jirani, ndugu, mfanyakazi mwenzako aliyepatwa. Ile 1 iliyobaki ni ya yeyote atakayekujia ghafla. Bila mgawanyo huu, maombi ya ghafla humeza kila kitu, maana ndiyo yenye sauti. Sehemu ya ghafla ikiisha, imeisha hadi mwezi ujao, na maneno ya kusema ni mepesi: "Fungu langu la mwezi huu limekwisha, nisamehe." Usiongeze "njoo tarehe mosi" kama hukusudii.

Kumchunguza unayempa pesa zako

Shirika au kikundi kinachoomba mchango wa umma kijibu maswali haya bila kununa: Mwaka jana mlifanya nini, kwa idadi? Gharama yake kwa kila mtu aliyesaidiwa ilikuwa kiasi gani? Kitu gani kilishindikana, na mlibadilisha nini? Nani anakagua hesabu, na ripoti ya mwisho iko wapi? Mkipata nyongeza leo, itakwenda wapi hasa? Swali la tatu ndilo lenye nguvu. Wanaofanya kazi ya kweli wana orodha ya yaliyoshindikana na huizungumzia kwa utulivu. Anayedai kwamba kila kitu kilifanikiwa ama hapimi, ama hasemi kweli.

Usihukumu kwa gharama za ofisi peke yake. Kigezo cha "asilimia ngapi inamfikia mlengwa" kinavutia kwa sababu ni namba moja rahisi, lakini hupotosha. Kikundi kisicholipa mtu wa kutunza stoo na vitabu kinaweza kujisifu kwa gharama ndogo huku bidhaa zikiibwa na dawa zikiharibika. Tazama kilichopatikana kwa pesa yote, si mishahara tu.

Dalili za kukufanya urudishe mkono: akaunti au namba ya kupokea pesa ina jina la mtu binafsi wakati ombi ni la taasisi, unahimizwa utoe ndani ya saa moja, risiti haitolewi, picha inayotumika umeiona katika ombi jingine lenye maelezo tofauti. Baada ya maafa makubwa matapeli huamka haraka kuliko waokoaji, kwa hiyo siku hizo tumia njia ulizozichunguza kabla ya maafa.

Na ujichunguze wewe pia. Mwaka 2007 Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walionyesha kwamba watu hutoa zaidi wakielezwa habari za mtoto mmoja kuliko wakipewa takwimu za mamilioni, na kwamba takwimu zikiongezwa juu ya habari za mtoto yule, michango hupungua. Moyo wa binadamu umeumbwa hivyo, na hakuna kosa katika kuguswa. Tatizo ni kuiachia picha moja ichague badala yako. Iache ikuamshe, kisha uende kwenye namba.

Pesa au vitu?

Palipo na soko linalofanya kazi, pesa taslimu hushinda karibu kila mara. Mpokeaji anajua kinachombana kuliko wewe, na pesa haihitaji lori. Ushahidi mzuri unatoka Kenya, kaunti ya Siaya, ambako kaya zaidi ya 10,000 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja. Watafiti waliofuatilia waliona kwamba kila dola iliyotolewa iliongeza uchumi wa eneo lile kwa takriban dola 2.5, kwa kuwa waliopokea walinunua kwa majirani na majirani nao wakanunua kwa wengine. Bei hazikupanda kwa kiasi cha kutisha. Kaya ambazo hazikupewa kitu nazo zilinufaika, na hapa ndipo manufaa ya jamii yanapopimika: sadaka ikipita mkono wa kwanza, haisimami.

Vitu vina nafasi pale soko limevunjika, barabara zimekatika, au kitu chenyewe hakipatikani. Hapo pia uliza kwanza orodha ya mahitaji. Nguo zisizoombwa hugharimu watu wa kuzichambua, ghala la kuzihifadhi, na mwishowe jalala. Ukitoa nguo, ziwe zimefuliwa, vifungo kamili, zimepangwa kwa ukubwa, na maandishi nje ya mfuko: za nani, saizi gani, ngapi. Viatu vifungwe pea kwa pea.

Vitu viwili visitolewe kienyeji kabisa. Dawa: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za msaada ziwe zimebakiwa na angalau mwaka mmoja wa matumizi zinapofika, ziwe katika orodha ya dawa zinazotumika nchi ile, na lebo isomeke kwa watakaozitoa. Dawa zilizobaki nyumbani mara nyingi hazifikii masharti hayo. Cha pili ni maziwa ya kopo ya watoto wachanga na chupa za kunyonyeshea. Katika maafa maji safi ni haba, chupa haziwezi kuchemshwa ipasavyo, na mama aliyekuwa akinyonyesha akiacha, maziwa yake hupungua. Mtoto anaishia kuharisha. Ikiwa wapo watoto wasio na mama, wahudumu wa afya wenyewe ndio waagize na wasimamie.

Mkono kwa mkono

Hapa ndipo wema mwingi huharibika. Anayepokea ana kitu kimoja ambacho umaskini haujakichukua, nacho ni heshima yake, na mtoaji asiye mwangalifu hukichukua kwa dakika moja.

Toa faragha. Usipige picha; kama shirika linahitaji kumbukumbu, piga picha ya mizigo na uombe saini. Usitoe mbele ya watoto wa mpokeaji. Usiambatanishe na hotuba ya jinsi ya kuishi. Kurani, sura ya pili aya ya 264, inaonya kwamba masimango na maudhi hubatilisha sadaka, na Injili ya Mathayo inataka mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kulia. Maonyo hayo yana mantiki ya kidunia pia: aliyeaibishwa hatarudi kuomba hata akiwa hoi, na watakaorudi ni wale waliozoea kuaibishwa.

Maneno ya kutolea yawe mafupi na yaache mlango wazi: "Nimepata kidogo, nikaona tugawane. Kama kuna kinachobana zaidi, niambie." Akitaka kukurudishia wema kwa njia yake, kukuletea kitu au kukufanyia kazi fulani, pokea. Anayepokea tu mwaka hadi mwaka hugeuka mdogo machoni pake mwenyewe.

Kwa ndugu na marafiki, kuna kanuni moja inayookoa undugu mwingi: usikopeshe kiasi ambacho kisiporudi kitakuumiza. Akiomba mkopo mkubwa, toa zawadi ndogo badala yake na useme wazi kwamba ni zawadi. Deni lisilolipwa humfanya mkopaji akukwepe, na hapo umepoteza pesa na mtu.

Muda na damu

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulifuatilia karibu watu 13,000 wenye umri wa zaidi ya miaka 50 nchini Marekani. Waliojitolea angalau saa 100 kwa mwaka walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kufa katika kipindi kile na ya kupoteza uwezo wa mwili. Saa 100 ni kama saa 2 kwa wiki. Kwa kuwa wenye afya ndio huweza kujitolea, matokeo ya aina hii yasichukuliwe kama dawa iliyothibitishwa. Yenye uzito zaidi ni majaribio ambayo watu hugawanywa kwa bahati nasibu: katika moja la mwaka 2013 wanafunzi 106 wa sekondari waligawanywa hivyo, baadhi wakaanza mara moja kuwasaidia watoto wa shule ya msingi kila wiki kwa miezi 2, wengine wakasubiri. Walioanza walionekana na lehemu (kolesteroli) na viashiria vya uvimbe wa ndani vilivyo chini kuliko wenzao.

Nia nayo ina neno. Sara Konrath na wenzake waliona mwaka 2012 kwamba maisha marefu yaliambatana na kujitolea kwa ajili ya wengine. Waliojitolea hasa kwa faida zao hawakuwapita wasiojitolea. Basi ukimaliza kusoma kuhusu faida hizi, ziweke kando, umtazame mtu unayemhudumia.

Chagua kazi moja, siku moja maalumu, na ahidi miezi 3 tu kwanza. Anayeahidi siku tatu kwa wiki mara nyingi huacha ndani ya muda mfupi, na mahali alipoacha pengo hubaki na shida kubwa kuliko kama asingekuja.

Damu ni sadaka isiyohitaji kipato. Kwa kawaida hutolewa takriban mililita 450 kwa mtu mwenye uzito wa angalau kilo 50, aliye mzima na mwenye damu ya kutosha, jambo linalopimwa papo hapo kwa tone la kidole. Kula saa mbili tatu kabla, kunywa nusu lita ya maji kabla ya sindano, na siku hiyo usibebe vitu vizito kwa mkono uliochomwa. Maji ya damu hurudi kwa siku moja au mbili. Chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa, ndiyo maana wanaume husubiri miezi 3 na wanawake miezi 4. Kizunguzungu kikikujia, lala chali na uinue miguu.

Kosa la jamii nyingi ni kumiminika baada ya ajali kubwa na kisha kutoweka. Chembe nyekundu hutunzwa hadi siku 42 hivi, na chembe za kugandisha damu siku 5 hadi 7 tu. Anayekuja mara tatu kwa mwaka bila kungoja tangazo ndiye anayemwokoa mama anayejifungua usiku wa leo. Damu ya hiari isiyolipwa ndiyo salama zaidi, kwa sababu asiyelipwa hana sababu ya kuficha ugonjwa.

Mkichanga kwa pamoja

Kikundi kidogo hufanya makubwa, na huvunjika kwa sababu moja: pesa na daftari kukaa kwa mtu mmoja. Mtu mmoja ashike pesa, mwingine ashike daftari, wa tatu athibitishe kila toleo. Kila mwezi wote waone salio. Amueni mapema kiwango cha juu kwa ombi moja, tuseme robo ya mfuko, ili msiba wa kwanza usimalize kila kitu. Mwanachama asiyeweza kuchangia mwezi fulani asitajwe hadharani, maana aliyeaibika haji tena, na huyo ndiye pengine angehitaji mfuko kesho.

Michango kama hii isichukue nafasi ya huduma za umma. Mkijikuta mnanunua vitabu vya shule ileile mwaka wa nne mfululizo, sehemu ya muda wenu iende kwa wanaopaswa kuvinunua: barua, kikao, ufuatiliaji.

Raha ikianza kukauka

Mara nyingi sababu ni mojawapo ya hizi: unatoa kwa kuogopa kusemwa, unatoa mahali usipoona matokeo, au unangoja shukrani. Kwa hiyo ya mwisho wahenga walikwisha kusema: tenda wema nenda zako. Habari njema ni kwamba kutoa hakuzoeleki haraka kama kujinunulia. Ed O'Brien na Samantha Kassirer walionyesha mwaka 2019 kwamba waliotumia dola 5 kwa ajili ya wengine siku 5 mfululizo waliendelea kufurahi karibu kama siku ya kwanza, wakati waliojitumia wenyewe furaha yao ilishuka siku hadi siku.

Weka daftari lenye safu nne: tarehe, kwa nani, kiasi, kilichotokea. Safu ya nne iache wazi hadi upate habari. Kila miezi 6 pitia: penye safu tupu, uliza, ukikosa jibu mara mbili, hamisha fungu hilo. Ukiamua kuacha kumsaidia mtu anayekutegemea kwa karo au matibabu, mwambie angalau miezi 3 kabla, ana kwa ana, na umalize muhula au dozi iliyokwisha kuanza.